Nafasi Iliyoshikiliwa Hadi Jumatano

Katika ghala la nafaka la Harmon Fork, Indiana, hakuna mkulima aliyewahi kubishana na kipimo cha Loren Fleenor. Lori likiingia na mahindi, Loren huchomeka mrija wa chuma katikati ya shehena, hutoa konzi moja, huipima unyevu, na atakalosema ndilo hilo. Miaka ishirini na sita hajampunja mtu. Watu wa huku wakitaka kutoa mfano wa mtu mkweli humtaja yeye, na yeye akisikia hujikuna shingo na kuanza kuzungumzia mvua. Wanadhani ni unyenyekevu.

Unyenyekevu wa wapi. Mtu yule alikuwa anaungua ndani, na kuni alizikata mwenyewe.

Ana mtoto mmoja tu, Delaney, ambaye kila mtu humwita Laney. Huku kwetu mtoto hutundikiwa kikapu cha kurushia mpira kwenye banda la baba yake kabla meno ya utotoni hayajamtoka, na Loren alikitundika cha Laney akiwa na miaka minne. Alimfundisha kupiga mpira kwa mkono wa kushoto kwa kumfunga wa kulia kwenye mshipi wa suruali. Laney akakua akawa mchezeshaji wa timu ya mpira wa kikapu ya shule, binti mwenye macho ya kuona nafasi kabla haijafunguka. Akiwa mwaka wa mwisho, vyuo viwili vilimtaka. Vyote viwili vingemsomesha bila senti ya nyumbani, kwa hiyo asije mtu akamtetea Loren kwa kusingizia shida.

Kumtafuta mchezaji ni kama kuposa: anayetakiwa ni binti, lakini wanaobembelezwa ni wazazi. Kocha Pruett wa chuo kikubwa aliijua kazi hiyo vizuri. Alimpigia Loren simu kila Alhamisi, akamuuliza habari za mavuno, akamsikiliza akisimulia mechi aliyocheza mwaka ule nywele zake zilipokuwa bado kichwani. Walipokwenda kukitembelea chuo, alimkalisha Loren kwenye viti vya mbele kabisa, karibu na benchi, akamwambia hapo ndipo wazazi wa wachezaji wake hukaa. Loren alirudi nyumbani kichwa kimevimba, na mkewe, Rhonda, akamuuliza kama yeye ndiye atakayevaa jezi.

Kocha Ostrander wa chuo kidogo, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu, alikuwa mwanamke wa namna nyingine. Alikuja nyumbani kwao peke yake, akala tambi za kuku za Rhonda zilizomwagwa juu ya viazi vya kuponda, akaongeza sahani ya pili bila kubembelezwa. Kwa Loren alikuwa na swali moja tu.

"Bwana Fleenor, ukiwa jukwaani, humpigia kelele refa au binti yako?"

Rhonda alicheka hadi akaweka kijiko chini. Loren alijibu kwamba huwapigia wote wawili, naye akacheka, lakini ilimchoma. Muda uliobaki Ostrander aliongea na Laney. Waliosha vyombo pamoja, wakazungumzia uuguzi, maana Laney alitaka kuwa muuguzi, na Ostrander alikuwa na wachezaji watatu wanaosomea kazi hiyo na aliwapangia mazoezi kufuatana na zamu zao za hospitali. Alipoaga alimwambia Laney kwamba nafasi ni yake, afikirie, na kwamba yeye mwenyewe atampigia Jumatatu. Jumatano ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa siku ya wachezaji kutia saini ya kujiunga na vyuo. Usiku ule Laney aliimba bafuni. Loren aliusikia wimbo ule akajua binti ameshachagua.

Jumapili walikuwa na mashindano. Kanuni ya timu ni kwamba simu za wachezaji hukaa kwa wazazi, na simu ya Laney ilikuwa kwenye koti la Loren. Robo ya tatu ya mchezo, binti yake akiwa uwanjani anatoa jasho, Loren aliitoa simu, akamwandikia Kocha Ostrander kana kwamba yeye ndiye Laney. Jibu lilikuja kabla refa hajapuliza kipenga. Loren akalisoma, akafuta ujumbe wote wawili, akaifunga namba ya Ostrander isiweze kupiga. Kisha akasimama na kumpigia kelele refa.

Jumatatu simu haikulia. Laney alikaa nayo mapajani jioni nzima. Jumanne alisema labda ampigie yeye, na baba yake akamwambia asijirahisishe, mtu akikutaka atakutafuta. Siku hiyohiyo Ostrander alipiga simu ya Loren mwenyewe, na Loren aliitazama ikilia hadi ikanyamaza. Jumatano shule iliweka meza yenye kitambaa na kofia za vyuo juu yake, picha zikapigwa. Laney akavaa kofia ya chuo kikubwa, akatia saini, na kwa kuwa mtoto wa umri ule hawezi kujifunga bila mzazi, Loren akatia ya kwake chini yake. Walipofika nyumbani aliichukua simu ya Laney kwa siri akaifungua namba ya Ostrander, kwani sasa haikuwa na madhara tena. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mwaka ule wa kwanza Laney alicheza dakika arobaini na moja kwa msimu mzima. Zamu za hospitali ziligongana na mazoezi, Kocha Pruett akamshauri achukue somo jepesi, naye uuguzi akauacha. Simu za Alhamisi zilikwisha wiki ileile ya saini. Mwaka wa pili dakika zilipungua zaidi. Loren na Rhonda waliendesha gari mwendo wa saa tatu kwenda na tatu kurudi, wakakaa kwenye viti vile vya mbele, na kutoka pale Loren aliweza kuona kisogo cha binti yake kwenye benchi, karibu kiasi cha kumgusa. Vilikuwa viti vizuri sana kwa kazi hiyo.

Ghalani walimtania, kama watu wanavyotaniana. Dwight Sipes, mkulima wa soya mwenye mdomo usiolala, alimwambia kuwa Laney anakalia benchi kwa ustadi, misimu miwili hajadondoka hata mara moja. Loren alicheka na wenzake. Kisha akaenda nyuma ya mizani akasimama huko peke yake, akijiambia kwamba angemwambia binti wikendi hii, au ijayo, au msimu ukiisha.

Msimu ukaisha. Laney akaandikisha jina kwenye orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama, akarudi nyumbani kusubiri. Katika siku kumi alipata simu moja, ya chuo cha mbali ambacho hakuna mtu Harmon Fork aliyekisikia, na walitaka jibu Jumatatu.

Jumamosi mchana, Rhonda akiwa kazini kwa daktari wa meno, baba na binti walikuwa mezani jikoni wanakula mikate ya nyama. Laney aliondoa kachumbari kwenye wake kipande kimoja kimoja, akasema amefikiria vya kutosha.

"Nadhani nimemaliza, Baba. Naacha mpira. Nitatafuta kazi hapahapa."

Loren alimuuliza, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, kama amewahi kufikiria kumtafuta yule Ostrander.

"Akufukuzaye hakwambii toka," Laney alisema. "Mtu amekula mezani petu, ameniahidi, halafu kimya. Yule alinijua, Baba. Kama aliyenijua aliniacha, hawa wasionijua wananitakia nini?"

Alisema bila machozi, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo ndilo lililomvunja Loren. Alikuwa amedhani kwa miaka miwili kwamba amemnyima binti chuo. Kumbe alikuwa amempa kitu pia: alimpa imani kwamba hakufaa.

"Hakukuacha," alisema.

"Baba, tafadhali."

"Nilimwandikia mimi. Kwa simu yako, siku ile ya mashindano. Nilijifanya ni wewe."

Laney aliweka mkate chini. Aliuliza alimwandikia nini, na Loren hakuhitaji kukumbuka, maana yale maneno yalikuwa yakimtembelea kila asubuhi akinyoa ndevu.

"'Mheshimiwa Kocha, asante kwa yote. Nimeamua kwenda kwingine. Wako mwaminifu, Delaney Fleenor.'"

"Wako mwaminifu," Laney alirudia. "Mimi lini nimemwandikia mtu 'wako mwaminifu'? Mimi hata nukta siweki." Kwa kitambo ilionekana kama angecheka. Kisha uso ukabadilika. "Kwa hiyo miaka yote hii anaamini ni mimi niliyemtupa. Aliyekula kwetu. Anadhani sikuwa hata na adabu ya kumpigia."

Hapo Loren alipewa mlango wa kutokea. Angeomba radhi, wangelia, nusu iliyobaki ingezikwa naye, na hakuna mtu duniani angejua isipokuwa mwanamke mmoja asiyependa kusengenya. Aliutazama mlango ule.

"Hakuamini," alisema. "Alinijibu papo hapo. Aliandika: 'Bwana Fleenor, najua ni wewe. Nafasi ya Laney naishikilia hadi Jumatano jioni. Mwache anipigie mwenyewe.' Nikaufuta. Nikaifunga namba yake."

Laney alikuwa akimtazama usoni, na Loren alijilazimisha asiangalie pembeni.

"Jumatano jioni," Laney alisema. "Tulitia saini saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Na Jumanne nilitaka kumpigia."

"Ulitaka."

"Ukaniambia mtu akikutaka atakutafuta."

"Nilikwambia hivyo."

Alijaribu kueleza. Alianza kusema kwamba alimtakia makubwa, kwamba alidhani chuo kile kingemfungulia njia, na Laney akamkatiza bila kupandisha sauti.

"Ulitaka vile viti, Baba."

Kwa miaka miwili Loren alikuwa amejitungia sababu nyingi nzuri nzuri, na hakuna hata moja iliyosimama mbele ya maneno yale manne. Alitikisa kichwa kukubali. Akasema anajuta, akasema amekuwa akijuta tangu Jumapili ileile, na aliposikia jinsi inavyosikika akanyamaza, kwa sababu mtu anayejuta tangu Jumapili alikuwa na Jumatatu na Jumanne za kurekebisha mambo.

Laney aliinuka, akaenda kwenye sinki, akafungua maji bila kuosha kitu, akayafunga. Aliporudi mezani alikuwa na simu mkononi. Aliitafuta namba, akaiweka mbele ya baba yake, karibu na sahani.

"Mpigie. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, yote, na ile nusu ya pili."

Loren alisema atampigia kwa simu yake mwenyewe, hiyo ni haki.

"Hapana. Tumia hiyohiyo. Na weka sauti ya nje, nataka kusikia."

Loren aligusa namba mara ya kwanza akakosa, mara ya pili ikashika. Ililia mara tatu. Alikuwa ameanza kuomba isipokewe, kama mtoto anavyoomba mvua inyeshe siku ya mtihani, na ndipo ikapokewa, kukiwa na vishindo vya mpira nyuma yake na wasichana wanaoitana.

"Laney?" alisema Kocha Ostrander.

Miaka miwili, na jina bado lilikuwa kwenye simu yake. Laney alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Loren aliinama karibu na meza.

"Hapana, Kocha," alisema. "Ni baba yake tena."