Boga la Ferrara na Mtu wa Kula Naye

Mwanangu, tangu uliponiambia kwamba wewe na mkeo mnakwenda Italia, nimekuwa nikiuota mji wa Ferrara. Kuna siku moja ya huko haijanitoka moyoni, na wakati huo nilikuwa bado bi harusi, wewe hujazaliwa.

Nyanya yako, mamake baba yako, alikuwa akiishi peke yake huku Marekani, mtaa wa Frogtown, baada ya kufiwa na mumewe, na alikuwa ameacha kula. Tukimpelekea wali, samaki wa kupaka, mahamri, tukirudi twavikuta kwenye friji vilevile. Nguo zilianza kumpwaya. Baba yako aliogopa kumzika mamake mwaka uleule aliomzika babake. Ndipo akasema tumpeleke mbali, pengine hamu itarudi.

Ferrara ilitupokea kwa ukungu. Ngome ya matofali mekundu ilisimama katikati ya maji kana kwamba inaelea, baiskeli zikipita bila sauti, nami nikatembea kama niliye usingizini. Nyanya yako alitazama kila kitu kwa adabu tu. Mchana tukaingia mkahawani, tukaagiza chakula cha wenyeji: vijifuko vya tambi vilivyojazwa boga, vimemwagiwa siagi. Boga, mwanangu! Kitu alichokipika maisha yake yote Mombasa. Hakukigusa.

Kwenye meza ya jirani alikaa mama mmoja mzee wa Kiitaliano, peke yake na bakuli lake. Nyanya yako akamwonyesha sahani yake, akamwambia, "Karibu." Kwetu huwezi kula mbele ya mtu bila kumkaribisha, lakini Marekani alikuwa ameshaacha, maana watu walimshangaa. Yule mama hakujua Kiswahili hata neno moja. Akabeba bakuli lake, akaja akaketi. Wakaanza kuonjeshana, kila mmoja akisifu kwa lugha yake, na nyanya yako akamaliza sahani nzima.

Baba yako, machozi yakimlengalenga, akasema, "Mama, kumbe wewe chakula cha huku wakipenda! Tutakutafutia na kule."

"Chakula mwaniletea kila siku," akamjibu bila ukali. "Mtu wa kula naye mtaniletea lini?"

Tuliporudi tukamhamishia kwetu Maplewood, na hata mtu atoke kazini amechoka vipi, chakula cha jioni tulikula naye. Aliishi, akakupakata wewe.

Basi itazameni ngome, mpige picha zenu, mle boga. Lakini shika hili: ukimpelekea mzee chakula, keti ule naye. Jumapili uliniachia pilau mlangoni, ukanipungia mkono ukiwa ndani ya gari, ukaenda zako nyumbani kwako Eagan. Nashukuru, ilikuwa tamu, ila sikuimaliza. Mkirudi, zima gari, uingie na mkeo.

Mwenyezi Mungu awafikishe na kuwarudisha salama, na uzeeni asiwanyime mtu wa kula naye.