Miezi Kumi ya Vidole Vyangu

Kwa miaka kumi na saba nilimwonea wivu mwalimu mmoja wa Burnt Forest, na ushahidi wangu wote ulikuwa vidole kumi.

Vita vya baada ya uchaguzi vilipotufikia, mwisho wa Januari, nilipanda lori la kwanza la kuja Eldoret. Lilibeba wanaume, kwa sababu ndio waliokuwa wakitafutwa. Mke wangu nilimwacha asubiri la pili. Halikuja. Mwalimu, jirani yetu wa kabila lile tulilokuwa tunalikimbia, alimficha katika stoo yake ya viazi hadi Machi, kisha akamleta mwenyewe Eldoret, katika kambi ya wakimbizi nilimokuwa. Mke wangu alishuka garini na koti la mwanamume mabegani. Sikusema asante. Niliuliza koti ni la nani.

Oktoba akajifungua msichana. Nilihesabu nilivyozoea kuhesabu mimba za ng'ombe wangu, kila mwezi kidole. Januari kidole, Februari kidole, mpaka Oktoba: vidole kumi, na mimba ya mtu ni tisa. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Nilimwambia mke wangu, "Jina la mama yangu liache. Tafuta lingine." Alinitazama, akaelewa, akatafuta.

Kila Krismasi mwalimu alipiga simu. Mke wangu alicheka naye kicheko ambacho mimi sikuwahi kukipata, nami nilizunguka hapo karibu nikijifanya natafuta kofia. Mtoto akilala, nilichunguza masikio yake.

Jumapili moja mchana, nyumbani kwetu mtaa wa Kapsoya, hapa Eldoret, msichana alikuwa na simu yenye kikokotoo cha umri.

"Mzee, umeishi siku zaidi ya elfu ishirini na tano, na hujaosha kikombe hata siku moja!"

Nilimwambia aweke tarehe ya lile lori, kisha siku aliyozaliwa yeye.

"Miezi minane na siku ishirini na tatu," akasoma. "Ni ya nini?"

Nilimwambia arudie. Ikatoka ile ile. Januari ilikuwa imebaki siku chache tu, na Oktoba haikuwa imeisha, lakini mimi nilikuwa nimeipa kila moja kidole kizima.

Nilimfuata mke wangu jikoni, alikokuwa akichambua maharagwe.

"Msichana ni wangu," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Na mimi nilikuwa wa nani miaka hii yote?"

 Nilimwomba tumpe mtoto jina la mama yangu, cucu yake. Akasema, "Muulize. Ana mdomo."

Nilimuuliza, na kwa kuwa alitaka kujua kwa nini sasa, nilimweleza yote, pamoja na lori na koti. Alisikiliza hadi mwisho bila mzaha.

"Jina la cucu libaki na cucu," akasema. "Mimi nimeshazoea langu. Nipe namba ya mwalimu."

"Ya nini?"

"Nimshukuru. Wewe hukumshukuru."

Nilimpa. Alitoka uani akapiga, na baada ya muda nikamsikia akicheka, kicheko kile kile cha mama yake. Nilijua sasa kwamba yule mtu hakuniibia chochote. Alibaki tu pale nilipokimbia. Bado niliinuka, nikasogea karibu na dirisha nisikie wanachocheka.