Yule Aliyeficha Jeraha Kwenye Kitabu cha Mazombi

Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililimaliza nikichungulia dirishani. Kwa hiyo kitabu cha mazombi nilikisoma kwa kidole, neno kwa neno, miezi miwili, hapo hapo Kariakoo kwenye kibanda changu ninapotengenezea mabegi. Nilikikuta kwenye begi la mteja. Nilipotaka kumrudishia akasema kaa nacho, kimemnyima usingizi. Mimi kilininyima mpaka hamu ya ubwabwa, na mimi ni mtu wa kukwangua ukoko mpaka sufuria inatoboka.

Hadithi yenyewe ni kwamba mji umevamiwa na wafu wanaotembea. Wakikung'ata, na wewe unageuka. Watu wachache wamejifungia kwenye ghala wanasubiri kuokolewa.

Lawama yangu ya kwanza, wale siyo misukule tunayoijua sisi. Msukule wa kwetu tunaambiwa analimishwa shamba na analishwa pumba, angalau ana kazi. Hawa wa kitabuni ni kung'ata tu. Lawama ya pili ndiyo iliyonikera. Mle ghalani kuna jamaa kang'atwa mkono. Anashusha shati, anaficha. Wenzake wanamgawia maharage, yeye kimya.

Nikamwambia jirani yangu, muuza makufuli, "Huyu mwandishi muongo. Nani ang'atwe halafu anyamaze?"

"Wewe huwezi," akasema. "Wewe ukiota chunusi Kariakoo nzima inapata taarifa."

Wiki hiyo hiyo nikapeleka begi Magomeni, wakati wa kurudi nikakata njia kwa ndani, Jangwani. Mbwa akatokea chini ya lori bovu. Nitasema alikuwa mkubwa kama punda, mtakaopunguza mpunguze wenyewe. Akaning'ata kigimbi, akarudi zake kulala. Matundu mawili, damu kidogo. Nikafuta kwa kitambaa cha kazi, nikashusha suruali.

Nyumbani sikusema. Mke wangu alishanikataza njia ile mara mia saba.

Kesho yake nikamchokonoa jirani kijanja. "Hivi mtu aking'atwa na mbwa inakuwaje?"

"Mbwa akiwa na kichaa, mtu anaanza kuogopa maji. Halafu anabweka."

"Anabweka?"

"Kabla hajafa." Akaendelea kupanga makufuli yake.

Basi mimi na maji tukawa ndugu. Nakunywa kikombe, nausikiliza moyo, unaogopa? Hauogopi. Dakika tano, kingine. Nikikohoa najisikiliza vizuri, isije ikawa nimebweka. Bahari ingepunguzwa chumvi kidogo tu ningeimaliza. Na kila nikimeza nasema leo nimepona, kikombe kikishuka tu chini wasiwasi unapanda upya. Mtoto wangu mdogo akanipandia mapajani, nikamshusha. Sikujua kwa nini. Nilijua, ila sikutaka kujua.

Siku ya nne mke wangu akasimama mlangoni. "Baba watoto, ndoo ya maji ya kunywa inaisha mara mbili kwa siku. Wapangaji wenzetu wanasema chooni umehamia."

"Joto hili."

"Joto lipo Bongo nzima. Mama yangu alianza hivi hivi. Hiyo sukari. Vaa twende."

Zahanati nesi akanitoboa kidole, akatazama kimashine chake. "Baba, sukari yako nzuri kuliko yangu. Sasa maji yote hayo ya nini?"

Nikamwangalia mke wangu. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio kwa mikono miwili, macho yamejaa. Nikapandisha suruali.

Nesi hakucheka. "Lini?"

"Leo siku ya nne."

"Uliosha na sabuni?"

"Nilifuta."

"Sikiliza, baba. Ukishaanza kuogopa maji, hatuna tena cha kukupa. Sindano ni kabla ya hapo."

Akaniosha kidonda na sabuni mpaka nikahisi ngozi inaisha, akanidunga, akanipa kadi ya tarehe za kurudi. Akasema mbwa tukamwangalie kwa mbali. Akifika siku kumi tangu aning'ate akiwa mzima, tutapumua, ila sindano nisiache mpaka wao waseme.

Mke wangu akaichukua kadi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Mwanamke ambaye akinisema majirani wanazima redio wasikie, kimya.

Yule jamaa wa ghalani sasa siwezi kumwita wa uongo. Kunyamaza ni rahisi, na kila saa ikipita kusema kunakuwa kugumu. Siku nne nimekula sinia moja na wanangu. Mwandishi pale kapatia. Alipokosea, yule jamaa hakumpa mke wa kuangalia ndoo.

Tukawa tunaenda Jangwani kila asubuhi, tunasimama ng'ambo ya barabara. Sijawahi kumwombea mtu afya kama nilivyomwombea mbwa yule. Akichechemea, na mimi nachechemea. Akila, nashiba mimi.

Siku ya kumi hakuwepo chini ya lori. Mke wangu akanishika mkono, vidole vya baridi. Tukazunguka mpaka nyuma ya gereji. Alikuwa amelala juani juu ya matairi. Mafundi wakamwekea maji kwenye kopo, akanyanyuka, akanywa yote, akajikuna sikio.

Mke wangu akavuta pumzi ndefu. Akaniachia mkono, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Haya," akasema. "Sasa tugombane."