Mwaka Nilioukadiria

Mtu hupata wapi ujasiri wa kumwambia mwenzake mwaka aliozaliwa? Jibu sina mpaka leo, ingawa aliyefanya hivyo ni mimi.

Nilikuwa nimerudi Pemba na shahada yangu ya utawala, nikapewa meza ya utumishi katika baraza la mji wetu. Msimu ule karafuu zilikuwa nyingi. Kwetu Ole majamvi yalitandazwa uwanja mzima, na kila mfanyakazi mwenye mikarafuu aliitazama mbingu zaidi kuliko saa. Mchana mmoja wingu lilijikusanya, na mbele yangu alikuwa amebaki mwombaji mmoja tu, mwanamke aliyetaka kazi ya kufagia soko. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Nilipomuuliza mwaka, alijibu, "Mwaka wa vuno kubwa, bwana. Lile walilokuja wachumaji kutoka Unguja."

Ilinipasa kumwandikia sheha, kiongozi wa mtaa wake, sheha aulize wazee, barua irudi na muhuri. Lakini karafuu zikiroa juu ya jamvi hupoteza rangi na daraja. Nilimtazama usoni, nikaona mikunjo, nikaandika mwaka kwenye fomu. Kisha nikapanda baiskeli kuwahi majamvi. Mvua yenyewe haikunyesha.

Miaka ikapita, nikawa mkuu wa utumishi. Katika semina niliwaambia watumishi kwamba mtu husahau, jalada halisahau, nao wakanipigia makofi. Mwaka huu nililetewa orodha ya wanaotimiza sitini, nikatia saini barua zao za kustaafu bila kufungua jalada hata moja.

Siku ya tatu alikuja mfagizi wa soko, barua mkononi, ufagio ameuegemeza mlangoni.

"Hodi, bwana mkubwa. N'kuulize, mimi nimezeeka lini?"

Nikacheka kile kicheko cha ofisini.

"Wenzangu sokoni wananiita bibi tangu juzi. Wanasema nende nikalee wajukuu. Wajukuu wa nani, na wanangu hata mkwe hawajaniletea? Yule mdogo bado yuko skuli, kwa ufagio huu huu."

"Kumbukumbu za serikali ndizo zinazosema hivyo, Bi."

"Ndizo zinazosema?" Akaikunja barua polepole. "Basi labda zinajua. Mama yangu hakusoma."

Hakubisha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alipotoka niliagiza jalada lake. Mwaka uliandikwa kwa mwandiko wangu, na mahali pa uthibitisho wa sheha palikuwa patupu.

Baada ya sala ya alasiri nilikwenda Ole kwa mama yangu. Alikuwa barazani akichambua karafuu, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu kule. Nilimtajia jina la mama wa yule mfagizi, nililolisoma jaladani, kisha nikamuuliza habari za vuno la wachumaji wa Unguja.

"Mwaka ule? Mie na huyo mama yake tulichuma mti mmoja, matumbo mbele, watu wakitucheka. Yeye alikuwa na huyo binti, mie nna wewe. Mmepishana mwezi. Kwani vipi?"

"Naulizia tu, mama."

"Huulizii tu wewe. Tangu utotoni ukificha jambo hunitazami."

Nina miaka hamsini na miwili, na hakuna aliyeniambia nikapumzike. Tulizaliwa vuno moja. Mimi nikalelewa kivulini, yeye juani, nami nikalihesabu jua lake kuwa miaka.

Njia ya kimya nilikuwa naijua: ukurasa mmoja hutolewa, mwingine hupachikwa, na masijala hakuna anayemuuliza mkuu. Nikiri kwamba niliifikiria mpaka nikafika nyumbani. Lakini kosa la ujana lilikuwa la haraka; la siku ile, la kujificha nyuma ya neno serikali, nililifanya nimetulia kitini. Sikutaka kuongeza la tatu.

Asubuhi yake nilifika ofisini mapema. Niliandika maelezo yangu kwa mkono, ili mwandiko ulingane na ule wa kwenye fomu: kwamba mwaka ule niliukadiria mimi, kwamba sheha hakuulizwa, kwamba barua ya kustaafu isitishwe, na kwamba hatua za nidhamu nitazipokea. Mkurugenzi wa baraza alipoingia nilimkabidhi pamoja na jalada, likiwa wazi kwenye ukurasa wenyewe. Kisha nikateremka sokoni, na mbele ya wenzake waliomwita bibi nikamwambia kwamba serikali haikujua chochote. Mwaka ule niliutunga mimi.