Siku Bibi Alipoonekana kwenye Televisheni ya Rangi

Kila nikisikia harufu ya petroli ya jenereta, nakumbuka alasiri tuliyomtazama bibi yangu akicheza ngoma kwenye televisheni ya rangi, ya kwanza kufika kijijini kwetu Chome.

Kanisa letu lilikataza ngoma. Aliyecheza alitengwa, asishiriki Meza ya Bwana. Bibi alikuwa mchezaji hodari zamani, akaacha. Watu wa televisheni walipomfuata, akacheza tena. Mzee wa kanisa alikuja kuhakikisha kwa macho yake.

Bibi alikaa mkekani. Alipotokea kwenye kioo, shanga zake zilikuwa nyekundu kabisa. Watoto tukaiamkia televisheni, "Shikamoo bibi!" Yeye akaitikia pale mkekani, "Marahaba." Hakuna aliyethubutu kucheka.

Karibu na mwisho mzee akasema, "Mguu wa kushoto umechelewa."

"Umechelewa wapi?" bibi akauliza.

"Pale ngoma ndogo inapoingia. Ulitakiwa uwe umeshageuka."

Bibi akamtazama. "Mzee mwenzangu, hayo ulifundishwa kanisani?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mzee akachukua kofia yake, akaaga. Jumapili bibi alishiriki Meza ya Bwana kama kawaida.