Ndoto Ambayo Haikuambiwa Maji

Nilipokuwa mtoto kule Magamba, ndoto mbaya haikusimuliwa kwa mtu kabla ya kusimuliwa kwa maji. Hiyo ilikuwa sheria ya Bibi, mama yake Baba. Ukiota vibaya unashuka kijitoni bila kusema na mtu, hata shikamoo inasubiri, unaieleza ndoto yote, maji yanaichukua. Ukimwambia mtu kwanza, umeiita. Baba, mzee wa kanisa la Kilutheri, alizicheka sheria hizo, lakini sikuwahi kumwona akizivunja.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoota fuso, lori la kabichi, likipinduka kwenye kona za chini ya Soni, Baba akiwa juu ya magunia. Sikuona damu, niliona kofia yake tu ikielea mtoni. Nilipoamka, nje fuso lenyewe lilikuwa tayari linapiga honi kumwita Baba. Kijito kilikuwa mbali, bondeni. Baba alikuwa anafunga viatu.

Jumapili iliyotangulia tulifundishwa jinsi mamajusi walivyoonywa katika ndoto, wakarudi kwao kwa njia nyingine. Nikang'ang'ania koti la Baba.

"Baba, usipande gari! Malaika kaniambia upite njia nyingine."

Malaika hakuwepo. Nilimwongeza palepale, kwa kuhofia kwamba ndoto ya mtoto peke yake haitatosha.

Bibi akaacha kupuliza moto. "Umeshayaambia maji?"

Nikaficha uso kwenye lile koti. Bibi akajishika kichwa.

Baba alimaliza kufunga viatu. "Barabara ya kushuka Mombo ni hiyo hiyo moja, mama," akaniambia. "Basi, nitashukia Soni. Nitamalizia kwa miguu."

Utingo wa lile fuso alicheka mpaka akakohoa.

Sijawahi kuogopa tena kama siku ile. Niliamini nimemuua Baba kwa mdomo wangu, na isitoshe nimemsingizia malaika. Nilishuka kijitoni nikayasimulia maji kila kitu, nikijua nimechelewa. Wakati huo hatukuwa na simu, kwa hiyo kila gari lililounguruma barabarani lilinipeleka mlangoni, na kila aliyekuja upande wetu nilidhani ameleta habari ya msiba.

Baba alirudi kesho yake jioni, anachechemea, ukucha wa kidole gumba cha mguu umeng'oka kwenye mawe. Fuso lilikuwa limefika Mombo salama na kabichi zake zote. Utingo alitutangaza sokoni, tukachekwa wiki nzima. Bibi yeye aliutazama ule mguu, akasema ndoto imekula ukucha, imeshiba.

Mwaka jana, nikimkanda Baba miguu, nilikiri kwamba hakukuwa na malaika.

"Najua," akasema. "Mamajusi walionywa bila malaika. Huyo ni wa Yusufu, ulichanganya."

"Sasa kwa nini ulitembea?"

"Ulikuwa unatetemeka. Ningebaki kwenye lile gari, ungeshinda siku nzima unanizika."

Bado sijui Mungu anasemaje na watu usingizini, na wanangu wakiniuliza nawaambia hivyo hivyo. Sikuweza kumwambia Baba kwamba hata hivyo nilimzika, tena mara nyingi, mpaka nilipomwona akipanda njia ya nyumbani. Niliendelea kumkanda, taratibu, nikifika kwenye kile kidole ambacho ukucha wake haukuota sawa tena.