Ukoka wa Zambarau Mbele ya Kanisa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu hiyo sitaisahau. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nimeolewa juzijuzi hapa Sagalla, nimetoka kwetu Wundanyi kwenye baridi. Akina mama wa kanisa walikuwa wanapanda ukoka mbele ya mlango, maana ugeni wa kipaimara ulikuwa unakuja, na kila mmoja aliombwa alete nyasi. Nikaenda kwetu nikarudi na gunia, nikapanda upande wa kulia. Tulimwagilia maji ya kuoshea vyombo, kwa sababu shida ya maji hapa unaijua.

Ukoka wa wenzangu ulishika ukawa kijani. Wangu ukatambaa na vikonyo vya zambarau, na majani nayo yakafuata rangi hiyo. Wifi yangu Wakesho, dada ya mume wangu, alikuwa mwalimu wa sayansi kule Voi, na akisema neno hapa kijijini limekwisha. Alikuja Jumamosi, akainama, akasema, "Hii ina ugonjwa. Ing'olewe kabla haijaambukiza hiyo ingine."

Basi nikawa mimi ndiye niliyeleta ugonjwa kanisani. Mama mkwe hakunisema, lakini alianza kupokea salamu zangu akiangalia pembeni. Nililia jikoni nikisingizia moshi.

Akina mama walipofika na majembe, Wakesho akiwa nao, nilijikaza nikamwambia, "Wifi, kwetu yote iko hivi. Nimezaliwa nikaikuta."

Mwingine angenicheka, mwanangu. Yeye alikizungusha kijiti cha ukoka vidoleni, kisha akawageukia wenzake. "Wekeni majembe chini kwanza. Nimesema haraka, na sijapima."

Alichukua karai bovu la mama yake, akalijaza udongo, akapanda humo ukoka wangu na ule wa kijani, bega kwa bega. Karai likakaa uani, jua moja, maji ya kopo moja. Kila alipopanda mlima kutoka Voi alianzia hapo kabla ya kusalimia mtu. Nami nililichungulia asubuhi kabla ya kuwasha moto, roho juu. Nyasi zikatambaa zikapandana. Ya kijani ikabaki kijani, ya zambarau ikabaki zambarau, na zote zikanawiri.

Jumapili moja, wakati wa matangazo, Wakesho akasimama mbele. "Mimi ndiye niliyesema ukoka wa wifi yangu ni mgonjwa. Nilikosea. Udongo ni mmoja, maji ni yale yale, na hakuna iliyoambukiza ingine. Hiyo rangi imerithiwa, vile sisi wa nyumba yetu tumerithi hizi pua." Kanisa likacheka, mama mkwe akaishika yake.

Nje alitueleza habari za jeni, vitu vidogo mno ndani ya mmea, vinavyotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto na kuamuru rangi itengenezwe au isitengenezwe. Jua kali au baridi huweza kuikoleza, alisema, lakini lazima mmea uwe umezaliwa na uwezo huo. Sikusikia mengi. Nilikuwa namtazama yeye, mtu aliyesoma, aliyetengua neno lake mwenyewe bila kuombwa na yeyote. Nilimpenda tangu hapo mpaka tulipomzika. Na mama mkwe alinishika mkono siku ile, akanisalimu akiniangalia usoni.

Mwanangu, wewe umesoma, na watu watakuamini upesi. Ukiona mtu hafanani na wenzake, usianze kumwita mgonjwa. Mpe udongo ule ule na maji yale yale, halafu uwe na subira. Na ukijua umekosea, waambie wale wale uliowaambia kwanza, kwa sauti ile ile.

Mungu akupe macho ya kutazama mara ya pili. Na popote utakapopandwa, mwanangu, upokelewe salamu zako ukiangaliwa usoni.